Sura ya Tano: Pesa ya Kibuyu

Katika mazishi ya nchi ya chai ya Kenya, kuanzia Kipkelion hadi Sotik, familia yenye uwezo huchapisha kijitabu cha ibada. Juu kuna picha ya marehemu, ndani ratiba na nyimbo, na katikati wasifu. Wasifu wa mwanamke mzee una mpangilio wake uliozoeleka: alizaliwa takriban mwaka fulani, akabatizwa, akaolewa na mzee fulani, Mungu akawajalia watoto, akawa mkulima na mama wa nyumbani, akaugua, akapumzika. Nimesikia wasifu wa namna hiyo ukisomewa wanawake ambao maisha yao yote ya utu uzima walinunua mali ghafi, wakalipa wachukuzi, wakakopesha, wakafuata madeni, wakakata tiketi ya soko na kusomesha watoto kwa kazi ya mikono yao. Neno biashara halikutajwa.

Ila kabla ya watu kutawanyika, mzee mmoja husimama kuuliza kama kuna aliyemdai marehemu au aliyedaiwa naye, ili mambo yasizikwe pamoja na mwili. Hapo ndipo mwanamke yule hujitokeza jinsi alivyokuwa. Anasimama mtu wa Ndanai aliyekuwa akimletea vibuyu vibichi na bado anadai sehemu ya shehena ya mwisho. Anasimama mwenye duka la shanga. Anasimama mweka hazina wa chama, na daftari mkononi. Mwalimu aliyechukua vibuyu viwili vya harusi ya binti yake kabla ya mshahara anamfuata binti wa marehemu pembeni na kuinamisha kichwa. Wana wa marehemu, waliodhani mama alikuwa anapitisha wakati tu na shanga zake, hutazamana.

Sura hii ni ya mwanamke huyo. Simpi jina, kwa kuwa hakuwa mmoja. Nimemkusanya kutoka kwa wengi wa kizazi kilichozaliwa miaka ya 1930, wanawake wa Kikipsigis waliotengeneza vibuyu vya mursik, maziwa yaliyochachushwa, na kuviuza katika masoko ya Kericho na Bomet. Nitamwita Kogo, kama wajukuu wamwitavyo nyanya, na kama wateja walivyomwita hata wale ambao hawakuwa na undugu naye. Nimsimuliapo kama mtu mmoja, msomaji ajue nyuma yake wako wengi.

Alipozaliwa, mashamba makubwa ya chai yalikuwa bado machanga. Kampuni ya Brooke Bond na ile ya African Highlands, iliyokuwa ya James Finlay wa Scotland, zilianza kupanda Kericho katikati ya miaka ya 1920, katika ardhi ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imewanyang'anya wenyeji. Mwaka 1934 watu wa ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho, walihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi kando ya Ziwa Viktoria. Waliobaki walibanwa katika rizavu. Wageni wachache waliandika habari za maisha ya humo. J. G. Peristiany alichapisha kitabu chake kuhusu Wakipsigis mwaka 1939, na Ian Orchardson, Mwingereza aliyeishi kwa muda mrefu miongoni mwao, kitabu chake kilitoka mwaka 1961. Ni vitabu vya maana, na mtu akitaka kujua habari za rika, tohara, ng'ombe na mabaraza ya wazee, atazipata humo. Lakini mwanamke fundi, mwenye jina lake na soko lake, hana sura ya peke yake.

Mama yake Kogo ndiye aliyekuwa shule yake. Kila nyumba ilikuwa na vibuyu vyake, sotet kimoja cha maziwa ya wageni, kingine cha watoto, kingine kidogo cha mchungaji, na msichana alijifunza kuvitunza kabla hajajifunza kupika. Wengi waliishia kwenye kutunza. Kogo alikuwa miongoni mwa wachache waliopenda kutengeneza, na kupenda huko ndiko kulikomtofautisha na jirani yake, kwa sababu kazi yenyewe ni ya uvumilivu mkubwa na harufu mbaya.

Huanza shambani. Mbegu za mmumunye hupandwa kando ya ua mvua za Machi zikianza, na mche ukitambaa huelekezwa juu ya ua au mti mdogo ili tunda lining'inie. Linaloning'inia hunyooka, linalolala chini hupinda na kuoza ubavu mmoja. Halichumwi mpaka kikonyo kikauke na ganda litoe mlio mkavu likigongwa kwa ukucha. Aliye na haraka akachuma mapema, tunda lake hunywea juani na jasho lake lote hupotea. Likiiva sawasawa hukatwa mdomo, hujazwa maji, huachwa siku nyingi mpaka nyama ya ndani ioze. Kisha nyama na mbegu hutolewa kwa kijiti, changarawe hutiwa ndani na kibuyu kutikiswa, maji hubadilishwa tena na tena. Hapa ndipo mafundi wabaya hujulikana. Kibuyu kisichooshwa vya kutosha hubaki na uchungu wake wa asili, na uchungu huo utakutana na maziwa siku ambayo mgeni wa heshima amekaa sebuleni.

Kikishakauka, huja moto. Matawi ya senetwet, kichaka cha maua ya manjano kinachoota kando ya njia nyingi za Belgut na Bureti, huchomwa hadi yawe makaa mekundu. Makaa huingizwa kibuyuni na kusuguliwa kwa sosiot, ufito wa ukindu uliopondwapondwa ncha ukawa brashi. Mkono lazima uzunguke bila kusita, kwa sababu kaa likitulia mahali pamoja hutoboa, na likipoa kabla ya kusagika halishiki. Vumbi laini la mkaa hupaka ukuta wote wa ndani, hulainisha, huziba vinyweleo, na baadaye huyapa maziwa ile rangi ya kijivu yenye samawati na ile harufu ya moshi ambayo Mkipsigis aliye mbali huiota usingizini. Maziwa yenyewe siku hizi huchemshwa kwanza, yakapoa, ndipo yakamiminwa na kufunikwa, yakakaa siku kadhaa au wiki kadhaa.

Mwisho ni vazi. Kibuyu huvikwa ukosi wa ngozi shingoni, mkanda wa kukibebea, kifuniko, na shanga zilizoshonwa moja moja juu ya ngozi, pengine na kauri zilizosafiri kutoka pwani. Hapa kila fundi ana mkono wake. Hakuna aliyeandika jina kwenye kibuyu, lakini waliozoea kununua walimjua mshonaji kwa namna alivyopanga nyeupe baada ya nyekundu na alivyoficha fundo la mwisho. Mimi naamini huo ni utunzi kamili wa sanaa, na kwamba makumbusho yetu, yanayoandika chini ya kibuyu jina la kabila pekee, yanamdhulumu aliyekishona.

Katika mila, vitu hivi vilikuwa na mwenyewe. Nyuma ya nyumba ya mke palikuwa na kapungut, kibustani chake, ambacho mavuno yake yalikuwa mikononi mwake. Kwa jirani zao Wanandi, mwanaanthropolojia Regine Oboler alieleza jinsi mboga, kuku na maziwa ya jioni vilivyohesabiwa kuwa vya mke, hata pale ambapo ng'ombe na shamba kubwa vilikuwa vya mume. Mmumunye uliota katika upande huo wa maisha. Kibuyu kilikuwa cha mwanamke tangu mbegu. Alipokibadilisha kwa mtama, kwa mwanambuzi au baadaye kwa shilingi, hakuna aliyeuliza shilingi hiyo imekwenda wapi.

Kisha chai ikaingia kwenye mashamba ya wenyeji wenyewe, na hesabu yote ikabadilika.

Kwa miongo mitatu Mwafrika wa Kericho alikuwa mchumaji wa chai, si mwenye chai. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulifungua mlango wa mazao ya biashara kwa wakulima wadogo. Mwaka 1960 ikaundwa mamlaka ya mazao maalumu, na mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, ikageuka Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya, KTDA. Viwanda vya wakulima vikasimama kimoja baada ya kingine katika mikunjo ya vilima: Litein, Tegat, Kapkatet, Mogogosiek, Kapkoros. Mashamba yakapimwa, yakachorewa mipaka, yakapewa hati. Hati ikaandikwa jina la mwanamume. Na kwa kuwa chai hupandwa kwenye ardhi, nambari ya mkulima nayo mara nyingi ikaandikwa jina hilohilo.

Tazama siku ya mke katika mpango huo. Anaingia chaini umande haujakauka, anachuma majani mawili na chipukizi, anajaza kikapu, anakipeleka kituoni, karani anapima na kuandika kilo kwenye nambari ya mume. Malipo ya mwezi yanaingia kwa mume. Bonasi, ile pesa kubwa inayokuja mara moja kwa mwaka kuelekea Oktoba, inaingia kwa mume. Dorthe von Bülow na Anne Sørensen, watafiti waliochunguza chai ya wakulima wadogo wa Wilaya ya Kericho katika miaka ya 1980, walieleza mvutano uliozuka humo kati ya mume na mke juu ya kazi na mapato. Sidhani mwanamke yeyote wa Bureti alihitaji utafiti kulijua hilo. Wapo waume waliogawana na wake zao kwa haki, na wapo wanawake waliochuma msimu mzima wakaiona bonasi ikipita mlangoni kuelekea baa.

Lakini chai ilifanya jambo jingine ambalo halitajwi sana. Ilikula ardhi. Mpandaji hakuacha nafasi. Michai ilifika hadi kwenye kuta za nyumba, na kapungut ikapungua mpaka ikawa mistari miwili ya sukumawiki. Isitoshe, nchi ya chai ni ya baridi, ya mvua karibu mwaka mzima na ya mvua ya mawe ambayo hupasua kila kilicho laini. Mmumunye hupenda jua. Kogo hakuwa tena na pa kupanda vibuyu vyake.

Wengi waliacha. Yeye alipanda gari kwenda nchi ya joto. Kusini na magharibi ya vilima, Ndanai, Chepalungu, Sigor, ardhi hushuka, jua huwaka zaidi, na mmumunye huzaa vizuri. Huko alinunua vibuyu vibichi kwa wakulima, akavichagua kimoja kimoja kwa kuvigonga na kuvipima uzito mkononi, akavifunga guniani na nyasi katikati ili visigongane, akavipandisha mlimani juu ya basi. Upande wa Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, alikutana na wanawake wa Kimaasai ambao shanga walizijua kuliko mtu yeyote. Ngozi alipata kwa wachinjaji. Kwa hiyo mwanamke ambaye awali alichuma, akaozesha, akachoma na kushona bila kutoka nje ya boma lake, sasa alikuwa na wauzaji katika kanda tatu za hali ya hewa, nauli, mizigo, na hasara ya vile vilivyovunjika njiani. Chai ilimnyang'anya bustani, naye akawa mfanyabiashara. Sisemi alishukuru kwa hilo. Nasema alilimudu.

Na aliijua chai kuliko baadhi ya wenye chai. Kalenda yake ya mauzo ilikuwa kalenda ya KTDA. Miezi ya katikati ya mwaka, pesa zikiwa haba vijijini, vibuyu vibichi vilikuwa rahisi na wakulima wa Chepalungu walitamani mnunuzi. Hapo alijaza ghala. Alishona usiku, kwenye taa ya mafuta. Bonasi ilipotoka alikuwa na mzigo tayari, na baada ya bonasi ikaja Desemba na sherehe zake: vijana wanatoka jandoni, posa zinapelekwa, harusi zinafungwa, na hakuna koito, sherehe ya posa, inayopendeza bila kibuyu kilichovikwa. Pesa ile ambayo hakuigusa ilipoingia kwa jina la mume, ilimfikia sokoni kwa jina lake mwenyewe, noti kwa noti, siku ileile ya kazi.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha maisha yake. Mtu anaweza kumhurumia kwa kusema alifanya kazi mbili, na ni kweli alifanya. Lakini kazi ya chai ilimlipa baada ya mwezi, kupitia karani, kiwanda, mnada wa Mombasa na akaunti ya mtu mwingine. Kazi ya kibuyu ilimlipa mbele ya macho yake. Yeye ndiye aliyetaja bei, yeye ndiye aliyekubali kupunguza, na akikataa, mteja alirudi kesho.

"Kogo, hiki umekiweka ghali."

"Lakwet, mwanangu, tia maji kwanza."

Alikuwa na birika la maji chini ya meza kwa ajili hiyo. Mteja alijaza kibuyu, akakigeuza, akakinusa, akatazama kama kinatokwa jasho nje. Hakikutokwa. Mazungumzo ya bei yakaanza upya kutoka mahali pazuri zaidi kwa Kogo.

Mkopo aliutoa kwa kipimo. Mwalimu na muuguzi aliwaamini mpaka mwisho wa mwezi. Mkulima alimwamini mpaka bonasi, lakini alitaka kujua anapeleka chai yake kiwanda gani, kwa kuwa viwanda havilipi sawa. Mlevi hakumkopesha, hata akiwa shemeji. Hesabu ilikaa kichwani, maana wengi wa kizazi chake hawakupelekwa shule, na sijasikia kwamba ilipotea.

Mtaji nao ulitoka kwa wanawake wenzake. Shirika la Maendeleo ya Wanawake lilianzishwa mwaka 1952, na vilabu vyake vilifundisha ushonaji, usafi na upishi, lakini faida yake kubwa kwa mtu kama Kogo ilikuwa ile tabia ya kukutana. Ukikutana kila wiki, unaanza kuchanga. Ukichanga, kila mmoja anapata zamu ya kupokea fungu zima. Zamu yake ilipofika hakununua kabati. Alinunua gunia la shanga kwa bei ya jumla, kisha akawauzia mafundi wadogo kwa kipimo cha kijiko. Miaka mingi baadaye, mwaka 2009, Rachel Ruto alipoanzisha shirika la Joyful Women na neno "table banking", yaani kuchanga na kukopeshana kikundini, likaenea Bonde la Ufa, vikongwe wa vyama hivi walielewa somo kabla halijafundishwa.

Inafaa kukumbuka njia nyingine zilizokuwa wazi kwa mwanamke asiye na ardhi ya jina lake. Moja ilikuwa kwenda kuishi kwenye kambi za mashamba makubwa na kuchuma kwa kilo. Mwaka 2023 uchunguzi wa BBC ulionyesha jinsi wanawake katika baadhi ya mashamba ya Kericho walivyodaiwa ngono na wasimamizi ili wapate au walinde kazi, na waliolijua jambo hilo kwa miongo mingi walilia walipoona hatimaye linasemwa hadharani. Mwaka huohuo mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho na watu waliohofia hata kazi hiyo itatoweka. Njia nyingine ilikuwa kupika pombe, ambayo ililipa vizuri na haraka, lakini askari alikuwa mshirika asiyealikwa na mwaka mmoja mbaya ungeweza kumaliza kila kitu. Kibuyu hakikuwa na msimamizi wala askari. Kilikuwa na karani wa ushuru wa soko tu, naye akishakata tiketi yake alikwenda zake.

Pesa ilikwenda shule. Serikali iliondoa ada za madarasa ya chini ya msingi mwaka 1974, lakini michango ya majengo ilibaki, na sekondari za harambee zilihitaji fedha kila muhula. Ada ilidaiwa Januari, bonasi ilikuwa imeshaliwa Desemba, na wasichana ndio waliorudishwa nyumbani kwanza. Kogo alilipia wasichana wake kwa vibuyu. Sitaki kulipunguza jambo hili kwa kulisema haraka: katika familia nyingi za vilima hivi, muuguzi wa kwanza, mwalimu wa kwanza wa kike, karani wa kwanza wa benki, alisomeshwa na ukosi wa shanga ulioshonwa usiku na mama ambaye hakuweza kusoma ripoti ya muhula.

Soko lenyewe halikuwa salama sikuzote. Masoko ya mpakani ndiyo yaliyokuwa matamu zaidi: Chebilat, ambako Wakipsigis na Wakisii hukutana, na Sondu, ambako vyungu vya wanawake wa Kijaluo vilibadilishwa kwa maziwa na vibuyu kutoka juu. Mwaka 1992 ghasia za kikabila ziliingia huko, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zikarudi. Wanawake waliokuwa wakitunziana meza na kukopeshana chenji walijikuta hawawezi kuvuka mto mmoja. Wapo waliotumiana salamu kwa kondakta mpaka barabara ikafunguka. Wapo ambao hawakuonana tena.

Pigo la polepole lilikuwa plastiki. Mtungi wa plastiki haupasuki, hauhitaji senetwet, na huuzwa kila duka. Maziwa nayo yakaacha kukaa nyumbani. Yalikwenda kwa wachuuzi, kwenye vituo vya kupozea, kwenye kiwanda cha KCC cha Sotik. Nyumba iliyokuwa na vibuyu kumi ikabaki na viwili. Kwa hesabu ya kawaida biashara ingekufa. Kogo aliona upesi kwamba kibuyu kinahama kutoka jikoni kwenda sebuleni, na akahama nacho. Akapunguza idadi, akaongeza shanga. Kibuyu kikawa zawadi ya mgeni rasmi, ya askofu, ya mwanasiasa, ya bwana harusi. Wanariadha wanaporudi na medali hupokewa uwanja wa ndege kwa funda la mursik, na Kericho ina haki yake katika habari hiyo, kwa maana Wilson Kiprugut Chumo, aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki huko Tokyo mwaka 1964, alikuwa mwana wa vilima hivi. Picha za mabingwa wakinywa kutoka kwenye kibuyu kilichopambwa zilimfanyia Kogo tangazo ambalo asingeweza kulilipia. Sidhani kama kuna aliyewahi kuuliza kibuyu kile cha pichani kilishonwa na nani.

Kuna jambo zito ambalo siwezi kuliruka. Ukanda huu una saratani ya umio kwa kiwango cha juu kuliko kawaida, na Hospitali ya Tenwek, Bomet, imejulikana kwa kuwahudumia wagonjwa wake, wengi wakifika wakiwa hawawezi tena kumeza. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mursik waliyoipima ilikuwa na alkoholi na asetaldehaidi, kemikali ambayo huhusishwa na saratani hiyo, wakaitaja kuwa chanzo kinachowezekana. Watu wengine hutaja vinywaji vya moto sana, na mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani. Katika nchi ya chai hilo si jambo dogo. Tumbaku, pombe na urithi wa familia vimo pia katika mjadala. Mwanamke aliyeishi kwa kibuyu aliyasikia haya redioni kama alivyosikia kila mtu, tena akiwa amezika ndugu. Heshima anayostahili ni kuambiwa ukweli wa sayansi kadiri unavyojulikana, bila kumgeuza mtuhumiwa na bila kumbembeleza kwa kusema mila haidhuru. Wengi waliendelea kutengeneza vibuyu vya pambo na zawadi, na nyumbani wakapunguza maziwa yaliyokaa muda mrefu.

Uzee ulimjia kwenye macho na vidole. Miaka mingi ya moshi, miaka mingi ya kutunga shanga ndogo kwenye taa hafifu. Ilipofika 2007 na M-Pesa ikaanza, wateja walianza kumlipa kwa simu, na hapo nilishuhudia jambo lililonisikitisha: baadhi ya kina Kogo hawakuwa na laini ya jina lao. Kijana alikuwa ameisajili kwa kitambulisho chake "kumrahisishia mama," na pesa ya kibuyu, ambayo kwa nusu karne haikuwahi kupitia mkono wa mwingine, ikaanza kupitia mkono wa mwana. Waliong'amua mapema waliamka asubuhi, wakavaa nguo ya kanisani, wakaenda mjini Litein au Silibwet na vitambulisho vyao, wakadai laini zao.

Mwenye chai akifa, nambari yake hurithiwa kwa utaratibu unaojulikana, na kama kuna ugomvi, chifu na mahakama wapo. Biashara ya vibuyu haina utaratibu. Gunia la mali ghafi, madeni yaliyo kichwani, imani ya mkulima wa Ndanai, mkono unaojua lini kaa limeiva: hivi huchukuliwa na yule aliyekuwa karibu, na mara nyingi ni mkaza mwana au mjukuu wa kike aliyekuwa akimshikia uzi.

Baadhi ya wajukuu hao wanaifanya kazi hii sasa. Wanaweka picha za vibuyu kwenye WhatsApp na Facebook, wanapokea oda kutoka Nairobi, Eldoret na kwa Wakalenjin walio Marekani wanaotaka koito yao ifanane na ya nyumbani. Wanashona majina ya maharusi kwa shanga. Mizigo huondoka kwa matatu, imefungwa kwa magazeti badala ya nyasi. Wanadai nusu ya malipo kabla ya kuanza, jambo ambalo Kogo asingethubutu kumwambia mteja, na mteja hulipa. Wachache wameanza kuandika jina lao kwa kalamu ya moto chini ya kitako cha kibuyu, na nambari ya simu.